Kabla ya intavyuu, jina lako limeshatafutwa Google

Jamani hili jambo linaniuma, naona watu wana uwezo kabisa, vyeti wanavyo, kazi wanaijua, alafu wanakosa nafasi na sababu hawaijui, maana hakuna ofisi itakayokuandikia kwamba tuliona ulivyokuwa unatukana watu kwenye komenti, simu haiji tu basi.

Wengi wakisikia hivi wanakimbilia kufuta. Futa, sawa, ila mtu akishapiga skrinishoti ndo imetoka hiyo, na kuna Wayback Machine inatunza kopi za kurasa za mtandaoni tangu 1996. James Gunn yule dairekta, Disney walimtimua Julai 2018 kwa tweet za karibu miaka kumi nyuma. Walimrudisha 2019 lakini yule filamu zake zilishaingiza pesa ndefu, sisi wengine nani atatupigia kuturudisha? Hata Ulaya, ambako mahakama iliamua 2014 kwamba mtu anaweza kuiomba Google iondoe matokeo yanayokuja akitafutwa kwa jina lake, ule ukurasa wenyewe unabaki palepale.

Ila mi kinachonisumbua zaidi ni jina tupu. Fungua brauza bila kulogin popote, andika jina lako ndani ya alama za nukuu, angalia na upande wa picha, tafuta na yuzaneimu zako za zamani. Wengi watakuta akaunti walizozisahau na picha walizotagiwa na marafiki, na hamna hata mstari mmoja unaosema huyu mtu anafanya kazi gani. Sasa HR atakupimia nini hapo? Hizo hizo picha.

Kwa hiyo jaza mwenyewe. Jina la LinkedIn (ule mtandao wa mambo ya kazi) liwe lile lile la kwenye CV, na tarehe za kazi zifanane, maana zikipishana unaonekana muongo hata kama ulisahau tu. Alafu onyesha kazi, kama ni fundi umeme weka picha ya bodi ilivyokuwa na ulivyoiacha (mwombe ruhusa mwenye nyumba), kama ni mhasibu eleza tatizo moja ulilolitatua bila kutaja siri za mteja. Posti moja ya hivyo ina maana kuliko maneno ya "mchapakazi mwenye ari" ambayo kila mtu anaandika. Na ukikomenti LinkedIn kumbuka zile komenti zinaonekana kwenye profaili yako, kwa hiyo kumponda bosi wa zamani pale ni kumwandikia bosi ajaye.

Kitu kingine, ukishafuta posti Google inaweza kuendelea kuonyesha yale maneno ya zamani mpaka ipitie tena ule ukurasa. Kuna fomu yao ya kuomba matokeo yaliyopitwa na wakati yasasishwe, na ni bure, kwa hiyo usimpe mtu hela eti akusafishie jina kabla hujaijaza hiyo.