Walioisukuma troli

Picha ninayoirudia kila mara ni ya mwanzoni mwa karne ya 20, enzi ambayo wakubwa wa Mombasa walitembezwa mjini kwa troli, vigari vidogo vyenye paa la turubai vilivyopita juu ya reli nyembamba na kusukumwa kwa mikono. Abiria ameketi wima akiitazama kamera. Nyuma yake wamo vijana wawili waliovaa kanzu fupi, na uso wa mmoja wao umefifia kwa kuwa hakutulia wakati mwanga ulipokuwa ukiingia kwenye kioo cha mpiga picha. Maandishi ya chini yanamtaja abiria kwa cheo chake, lakini vijana hao hayawataji kabisa, na jambo hilo huniuma kila niionapo.

Nilipomwonyesha bibi yangu picha hiyo kwenye simu, hakumwangalia abiria hata kidogo. Aliisogeza simu karibu na macho, akaweka kidole penye baraza ya mawe. "Hapa ni Ndia Kuu, mwanangu. Baraza hii naijua," alisema, akiitaja barabara ya Mji wa Kale.

Picha zisizo na tarehe husomwa kwa alama za mji wenyewe. Barabara ya Kilindini, ambayo leo ni Moi Avenue, ikionekana bila mapembe, yaani yale matao makubwa yenye umbo la pembe za ndovu, huenda picha ni ya kabla ya 1952, mwaka yalipowekwa kwa ajili ya ziara ya Elizabeth wa Uingereza. Fort Jesus nayo, tangu 1895 hadi 1958, ilikuwa gereza; kuta zile zile tunazopiga nazo picha za harusi zilificha wafungwa.

Nyuma ya nakala yangu nimeandika maneno ya bibi kwa penseli.