Nilivyohesabu mwisho wa hataza isiyo yangu

Vali niliyotaka kuitengeneza haikuwa ubunifu wangu. Ilikuwa ya kampuni nyingine, ipo sokoni miaka mingi, na ujanja wake wote umo kwenye ulimi mdogo wa mpira unaozuia maji kurudi nyuma bila kutegemea springi. Kila niliyemuuliza hataza yake, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasiutengeneze ubunifu huo, itakwisha lini alikuwa na jibu lake. Mmoja aliniambia hataza hudumu miaka 17, mwingine akasema 20. Wa tatu akaniambia nisijisumbue, wenye mali huongeza muda kila unapokaribia kwisha.

Niliamua kuisoma hataza yenyewe. Kwa kuwa hutangazwa hadharani, niliipakua bure. Ukurasa wa kwanza una vinamba ndani ya mabano, na uzuri wake ni kwamba vinamba hivyo vina maana ileile hata karatasi ikiwa ya Kijapani. Mimi nilihitaji vitatu tu. (22) ni siku ombi la hataza lilipowasilishwa. (30) ni ombi la awali ambalo mwombaji analidai kama kipaumbele, yaani anataka upya wa ubunifu wake upimwe kwa tarehe ya ombi hilo, mara nyingi la nchi nyingine. (45) ni siku hataza ilipotangazwa kwamba imetolewa. Kati ya (22) na (45) palikuwa na zaidi ya miaka minne, kwa hiyo kuchagua tarehe ya kuanzia halikuwa jambo dogo.

Hesabu inaanzia (22). Makubaliano ya TRIPS ya Shirika la Biashara Duniani, yanayohusu haki za ubunifu, yanazitaka nchi wanachama zitoe ulinzi usiopungua miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa, na nchi nyingi zimeishia hapohapo kwenye 20. Miaka ambayo ombi limekaa mezani kwa mchunguzi imo ndani ya hiyo 20. Tarehe ya (30) haihesabiwi: Mkataba wa Paris wa kulinda mali za viwandani humpa mwombaji miezi 12 ya kupeleka ombi lake nchi nyingine, na miezi hiyo haipunguzi muda wa hataza. Yule wa miaka 17 naye hakutoa jibu lake hewani. Marekani ilikuwa ikihesabu miaka 17 tangu hataza kutolewa, mpaka ilipobadili utaratibu kwa maombi ya kuanzia Juni 8, 1995.

Kwenye hataza ya Marekani ya vali hiyo kulikuwa na kinyota, na maandishi madogo ambayo ni rahisi kuyaruka: muda wa hataza hii umeongezwa kwa siku kadhaa. Siku hizo ni fidia ya ucheleweshaji wa ofisi ya hataza yenyewe, kwa mfano inapochukua zaidi ya miaka mitatu kabla ya kutoa hataza. Kwangu zilikuwa zaidi ya mwaka mzima. Lakini ni za Marekani peke yake. Hataza za kifaa kilekile katika nchi nyingine zilikuwa na mwisho wake, kila moja kivyake.

Baada ya hapo nikafungua daftari la hataza la kila nchi niliyotaka kuuza. Miaka 20 ni kikomo tu, na hataza nyingi hazifiki huko kwa sababu mwenyewe ameacha kulipa ada. Nchi nyingi hudai ada kila mwaka, na hupanda jinsi hataza inavyozeeka; Marekani hudai mara tatu tu, miaka mitatu na nusu, saba na nusu, na kumi na moja na nusu baada ya kutolewa. Katika nchi moja niliona ada imesimama. Sikukimbilia kiwandani. Mwenye hataza hupewa walau miezi sita ya kulipa kwa kuchelewa, na baadhi ya nchi humruhusu kuomba irudishwe hata baada ya hapo. Nilingoja mpaka daftari lilipoandika wazi kwamba imekoma.

Wakati wa kungoja nilichora na kuuliza bei za kalibu, basi. Sikumwaga mpira hata mmoja, wala sikupokea oda, kwa sababu hataza inakataza kutengeneza na hata kutangaza kuuza, siyo kuuza peke yake. Wapo wanaojaza ghala wakisubiri tarehe ifike. Huko ni kujitafutia kesi.

Habari zikamfikia wakala wa kampuni ile, akaniandikia kwamba hataza yao "imeongezwa muda". Nilimjibu kwa swali moja: namba yake ni ipi? Nyongeza ya kweli ipo, lakini ni kwa bidhaa zinazopoteza miaka kwenye majaribio na vibali kabla ya kuuzwa. Ulaya hutoa cheti cha ulinzi wa nyongeza kwa dawa na viuatilifu, kisichozidi miaka mitano. Marekani nayo ina nyongeza ya hadi miaka mitano kwa dawa na bidhaa chache za namna hiyo. Vali ya maji haimo.

Namba aliyonitumia ilikuwa ya hataza nyingine kabisa, mpya, ya vali ileile iliyoboreshwa. Nilikwenda moja kwa moja kwenye madai, yale maelezo yenye namba yanayotaja hasa kinacholindwa, kwa sababu ulinzi umo humo, michoro haitoshi. Kila dai lilitaja pete ya chuma inayoshika ulimi wa mpira. Vali ya zamani haikuwa na pete. Hataza mpya inalinda maboresho yake, haiwezi kuurudisha ubunifu uliokwisha kuwa wa wote. Wakili wa hataza niliyempelekea karatasi zote alikubaliana nami, akanitumia maoni yake kwa maandishi, na hayo ndiyo niliyomtumia wakala. Hakuandika tena.

Nilianza na nchi ambako hataza ilikuwa imekoma. Marekani ikasubiri siku zake za kinyota. Jina la vali yao sijaligusa mpaka leo, maana alama ya biashara katika nchi nyingi huhuishwa kila miaka 10, na mwenyewe anaweza kuihuisha bila kikomo mradi alipe na aendelee kuitumia.