Nasubiri Miguu Ifike

Leo nimetembea dakika 20 bila fimbo. Nilikuwa bwawani, maji yakinifika kifuani, na miguu ilinitii kama zamani, kabla ugonjwa wa neva uitwao MS (multiple sclerosis) haujaanza kutafuna ala inayofunika neva zangu. Maji ya kifua hukupunguzia zaidi ya nusu ya uzito wako. Mimi hilo nimelisoma mara nyingi, ila mguu wangu wa kushoto haujui kusoma, kwa hiyo kila tukishuka unashangaa upya.

Mara ya kwanza nilikosea bwawa. Niliambiwa maji ya moto hulegeza misuli, na yangu hukakamaa vibaya usiku, basi nikaingia kwenye bwawa la tiba lenye nyuzi joto 34. Raha tupu! Robo saa baadaye macho yakaingia ukungu, miguu ikawa uji. Walinitoa watu wawili. Nilidhani ugonjwa umelipuka tena, nikalia njia nzima, na jioni nilipopoa kila kitu kikarudi mahali pake.

Kumbe ni joto tu. Neva iliyochunika ala hupitisha ujumbe kwa taabu, na mwili ukipanda hata nusu nyuzi, ujumbe unaweza kukatikia njiani. Daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika mwaka 1890 kuhusu wagonjwa waliofifiwa macho kwa muda walipouchosha mwili, na baadaye ikajulikana kuwa chanzo ni joto. Madaktari wakawa wanawatumbukiza wagonjwa katika maji ya moto ili kuutambua ugonjwa. Heri mimi niliyelazwa tu ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili.

Siku hizi nauliza nyuzi kabla sijavua viatu. Zikiwa 27 hadi 29, naingia. Zikizidi sana, naaga. Maji ya baridi kali nayo hunikaza misuli, kwa hiyo sijidai shujaa.

Natembea mbele, kinyumenyume, kisha nasukuma maji kwa viganja. Ukiyasukuma kwa pupa yanagoma, ukienda taratibu yanakupisha. Nikipepesuka, naanguka polepole kiasi kwamba nawahi kujirekebisha. Nchi kavu hainipi nafasi hiyo.

Ila ngazi! Kila kidato uzito unarudi, na uchovu nao. Leo nilikwama kidato cha pili, maji kiunoni, nimeng'ang'ania chuma. Mtoto mmoja nyuma yangu akauliza, "Mama, unaogopa kutoka?"

Nikamwambia nasubiri miguu ifike. Akageuka kuitafuta majini.