CBeebies: chaneli inayoishi kwa marudio

Mzazi anayelalamika kwamba chaneli ya watoto wadogo inarudia vipindi vilevile kila uchao analalamikia injini yenyewe ya chaneli hiyo. Tuchukue CBeebies ya BBC tupige hesabu. Huko Uingereza inakuwa hewani kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 1 jioni. Hizo ni saa 13 kwa siku, au saa 4,745 kwa mwaka. Leseni ambayo Ofcom, mdhibiti wa utangazaji, aliipa BBC mwaka 2017 iliitaka CBeebies ioneshe angalau saa 100 kwa mwaka za vipindi vipya vilivyotengenezwa Uingereza. Saa 100 kati ya 4,745 ni kama asilimia 2 tu. Hata wakizidisha kiwango hicho mara tano, karibu saa tisa katika kila kumi zitabaki kuwa za marudio na za vipindi vya kununua.

Chaneli ya kawaida ya watu wazima ingepata tabu kuishi hivyo. Ya chekechea inaweza kwa sababu watazamaji wake hawakai. Mtoto anaingia akiwa na miaka miwili, na akifika sita anahamia CBBC, dada yake CBeebies anayehudumia wa miaka 6 hadi 12. Kila baada ya miaka minne hivi ukumbi umejaa watu wapya kabisa. *In the Night Garden*, iliyoanza mwaka 2007 na kutengenezewa vipindi 100 tu, kwa mtoto aliyezaliwa juzi ni kipindi kipya. Tena mtoto mwenyewe anapenda kurudiwa. Akiiona hadithi mara ya kwanza anashangaa. Mara ya tatu anajua kinachokuja, na kule kujua ndiko kunakomfurahisha.

Watengenezaji waliligundua hilo zamani. *Blue's Clues* ilipoanza huko Marekani mwaka 1996, chaneli ya watoto ya Nickelodeon ilirusha kipindi kimoja kilekile siku tano mfululizo, Jumatatu hadi Ijumaa, na watafiti wakaona watoto wakielewa zaidi na kujibu maswali ya mtangazaji kwa sauti kadiri siku zilivyosonga. *Teletubbies*, iliyoanza BBC mwaka 1997, iliingiza marudio ndani ya kipindi. Filamu fupi ya watoto halisi inaonekana kwenye tumbo la mmoja wa wahusika, inakwisha, wahusika wanapiga kelele "Tena! Tena!", na filamu inaanza upya kutoka mwanzo. Watu wazima walikereka sana. Lakini hawakutengenezewa wao. Vipindi vilifika 365, kimoja kwa kila siku ya mwaka.

CBeebies ilizinduliwa tarehe 11 Februari 2002, baada ya serikali kuidhinisha chaneli mpya za dijitali za BBC. BBC lakini haikuanzia hapo na watoto wadogo. *Play School* ilianza tarehe 21 Aprili 1964, na kwa ajali ikawa kipindi cha kwanza cha ratiba kuonekana BBC Two: usiku wa uzinduzi, tarehe 20, umeme ulikatika magharibi ya London, sherehe yote ikaharibika, na asubuhi yake kilichokuwa kinafuata kwenye ratiba kilikuwa cha watoto. Humo kulikuwa na madirisha ya maumbo tofauti, la duara, la mraba na la upinde, na mtoto alitakiwa abahatishe safari hii watapitia lipi. Mbinu hiyo ni ya bei rahisi na bado inafanya kazi: ukishamwuliza mtoto swali na kumpa muda wa kujibu, hasogei.

Saa ya kulala ina historia yake pia, na mimi naiona ndiyo tamu kuliko zote. Hadi Februari 1957, televisheni za Uingereza zilikuwa zinazimwa kati ya saa 12 na saa 1 jioni ili wazazi wapate nafasi ya kuwalaza watoto. Skrini ilibaki tupu kwa saa nzima. Stesheni ya biashara ilichukia kupoteza saa hiyo, na utaratibu ukafutwa. Leo saa hiyohiyo, 12 hadi 1 jioni, CBeebies inaitumia kwa kazi ileile, ila kwa kujaza skrini badala ya kuizima. Kwa miaka mingi mpangilio ulikuwa *In the Night Garden* saa 12:20, kisha hadithi ya kulala saa 12:50, inayosomwa na mtu maarufu kwa dakika chache kutoka kwenye kitabu cha picha. Mwigizaji Tom Hardy aliposoma mara ya kwanza, mkesha wa mwaka mpya wa 2017, kina mama hawakulala haraka kama watoto. Hadithi ikiisha, saa 1 jioni, chaneli inafungwa. Kimya.

Kimya hicho nacho kina sababu ya kiufundi. Kwenye televisheni ya antena ya Uingereza, CBeebies na BBC Four zinatumia nafasi moja ya mawimbi kwa zamu: watoto mchana, watu wazima kuanzia saa 1 jioni. Kwa hiyo hata kama wakubwa wa chaneli wangetaka kuongeza nusu saa, wangeichukua kwa jirani. Sioni hasara. Chaneli ya watoto isiyozimika usiku humnyang'anya mzazi sababu nzuri kuliko zote ya kusema "televisheni imelala."

Sasa tuingie jikoni. CBeebies inalipiwa na ada ya televisheni ambayo kaya za Uingereza hulipa, kwa hiyo haina matangazo ya biashara. Hilo linafurahisha, lakini linamletea mpanga ratiba tatizo la dakika. Chaneli ya biashara ikipewa kipindi cha dakika 22 kwenye nafasi ya nusu saa, dakika 8 zinazobaki inawauzia wenye midoli. CBeebies lazima izijaze yenyewe. Ndiyo maana vipindi vyake vingi ni vifupi. *Charlie and Lola* ni dakika 11, *Hey Duggee* ni 7. Weka viwili vya 11 na kimoja cha 7, una dakika 29, na dakika moja ya mtangazaji kuimba, kuonesha kadi za kuzaliwa walizotuma watazamaji au kutambulisha kinachofuata. Mtangazaji huyo si pambo. Mtoto wa miaka mitatu hajui saa, na anayemwambia kwamba kimoja kimekwisha na kingine kinaanza ni yule mtu aliyemzoea. Ukiunganisha katuni na katuni bila mtu katikati, mtoto hapati mahali pa kushukia. Tatizo hilo limerudi kwa nguvu kwenye video za mtandaoni zinazojiwasha zenyewe.

Kuna vipindi ambavyo marudio yake ni somo hasa. *Something Special*, kilichoanza mwaka 2003, kinatumia Makaton: mtangazaji Justin Fletcher anasema neno na kufanya ishara yake kwa mkono papo hapo, na kila neno linarudiwa katika mazingira tofauti. Kilitengenezwa kwa watoto wenye mahitaji maalumu, lakini hata ambao hawajaanza kusema vizuri wanazidaka ishara.

*Numberblocks*, katuni ya hesabu ya mwaka 2017, inafaa popote, kwa sababu namba tatu ni matofali matatu kwa lugha yoyote. *Alphablocks* ni habari nyingine. Inafundisha kusoma kwa sauti za herufi za Kiingereza, lugha ambayo "a" ina sauti kadhaa. Sisi tunasoma kwa silabi, ba be bi bo bu, na kila irabu ina sauti moja tu. Mtoto anayejifunza kusoma Kiswahili akizamishwa kwenye *Alphablocks* ataanza kusoma "baba" kwa "a" ya Kiingereza. Kwa herufi na hesabu za Kiswahili, *Akili and Me* ya shirika la Ubongo, iliyotengenezwa Dar es Salaam, inamfaa zaidi. Nayo inarudia nyimbo zake bila haya.

Jambo la mwisho ni kwa wenye king'amuzi cha DStv. CBeebies mnayoiona Afrika inaendeshwa na BBC Studios, mkono wa biashara wa BBC, na hailipiwi na ile ada ya Uingereza. Ratiba yake ni tofauti, na haifungwi saa 1 jioni. Usifuate ratiba ya London uliyoikuta mtandaoni. Fungua mwongozo wa king'amuzi chenyewe, tafuta kipindi kimoja cha utulivu kinachoangukia karibu na saa ya kulala nyumbani kwako, kiwe kilekile kila siku, na kikiisha zima wewe mwenyewe.