Karanga, penseli na viti vitupu vya Oakland

Jumatatu ya tarehe 15 Mei 2023, usiku, hapa Oakland, California, nilimsikia mchezaji wa besiboli akikohoa. Si kwenye runinga. Yeye yuko uwanjani, mimi niko jukwaani safu ya ishirini na kitu, na katikati yetu hakuna kelele hata kidogo ya kukimeza kile kikohozi. Uwanja wenyewe, Coliseum, nyumbani kwa timu ya A's, unachukua zaidi ya watu 46,000. Usiku ule walitangaza 2,064.

Na hata hao 2,064 ni wa kwenye makaratasi. Ligi kuu ya huku, MLB, hutangaza tiketi zilizouzwa, haihesabu vichwa vilivyopita getini. Ukinunua tiketi ukalala kwako, umehudhuria. Nilitupa macho huku na kule nikajisemea kwetu Temeke msiba wa mpangaji aliyehamia juzi unakusanya watu kuliko hawa.

Nilikwenda na jirani yangu wa ghorofa ya chini, Mmarekani mweusi, mstaafu wa bandarini. Mimi namwita Mzee. Wenyeji wangemwita kwa jina lake tu, hata watoto, lakini ulimi wangu unakataa kumwita mtu wa miaka sabini na ushee kama namwita mdogo wangu. Nilimweleza mara moja kwamba ni neno la heshima. Tangu hapo anajitambulisha kwa watu kuwa ana cheo Tanzania, nami sijaona sababu ya kumharibia.

Ndiye aliyenifundisha mchezo. Mara ya kwanza, mwaka 2014, niliona mtu anarusha mpira, mwingine anasimama na gongo (la mti, jamani, si lile la kunywa), nikadhani ni rede ya watu wazima. Mzee akanifungulia somo. Kuna mrushaji, kuna mpigaji, na nyuma ya mpigaji kuna mshikaji, ambaye kazi yake ni kuchuchumaa na kudaka, kwa hiyo ni mshikaji kweli, si wa kijiweni. Kila timu inapiga zamu tisa. Mzee ana karatasi yenye viboksi na penseli fupi anayoichonga kwa kisu, na kila tukio lina alama yake. Mpigaji akitolewa kwa kukosa mipira mitatu, anaandika K. Lakini kama ule wa tatu ulipita yeye amesimama anautazama tu bila kutikisa gongo, K inaandikwa imegeuza mgongo. Nilipoielewa hiyo K ya aibu ndipo nilipoanza kuupenda mchezo.

Sasa, ukiwauliza watu kwa nini viwanja vya besiboli vimepungukiwa, jibu la kwanza ni kwamba mchezo unachosha. Ni kweli, na takwimu zinakubali. Mwaka 2007 ligi nzima iliuza tiketi zaidi ya milioni 79. Kufikia 2019, kabla korona haijaingia, zilikuwa milioni 68 na nusu. Wakati huohuo mechi zilikuwa zinanenepa: mwaka 2021 wastani ulifika saa 3 na dakika 10. Mrushaji anajikuna, anafuta jasho, anatazama angani. Mpigaji naye anatoka kwenye kiboksi anachosimamia kukaza glovu ambazo hazijalegea. Mimi naingia kazini saa kumi na mbili asubuhi. Nimeshaondoka mara nyingi wakiwa zamu ya saba, na treni nzima imejaa wenzangu waliokimbia kama mimi.

Mwaka 2023 wakaleta saa ya kuhesabu. Mwaka huo mrushaji alipewa sekunde 15 kurusha, au 20 kama kuna mkimbiaji wa timu pinzani kwenye kituo. Mechi zikashuka hadi saa 2 na dakika 40, na tiketi zikapanda kutoka milioni 64 na nusu mwaka 2022 hadi zaidi ya milioni 70. Wazee wengi walinung'unika kwamba besiboli haijawahi kuwa na saa. Mzee hakunung'unika. Alisema kibofu chake kimeshukuru.

Kuna mambo mengine ambayo sisi wa kuja tunayaona upesi. Kila timu inacheza mechi 162 kwa msimu, 81 nyumbani kwake. Themanini na moja! Hebu fikiria Simba na Yanga wakutane kila baada ya siku mbili kuanzia Machi hadi Septemba. Baada ya wiki tatu nani angepoteza sauti kwa Mkapa? Mtu akikosa leo anajua kesho ipo, na keshokutwa. Halafu bei. Kuna uwanja mmoja wa ligi hii, sitautaja, nilimpeleka mwanangu kwa sikukuu yake ya kuzaliwa: tiketi mbili, kuegesha gari, soseji mbili na soda vikala mshahara wangu wa siku nzima, na mtoto akasinzia zamu ya tano. Na runinga: kwa miaka mingi mechi za nyumbani zimefungiwa kwenye chaneli za kulipia, kwa hiyo mtoto ambaye kwao hawalipii anakua bila kumjua hata mchezaji mmoja wa mjini kwake.

Haya yote ni kweli, ila hayaelezi kile kikohozi.

Mwaka 2019 timu ya Oakland, A's, iliuza tiketi zaidi ya milioni 1.6. Mwaka 2022 hazikufika 800,000. Watu wa Oakland hawakuamka asubuhi moja wote wamechoshwa. Kilichotokea ni kwamba mwaka 2021 uongozi wa timu, kwa baraka za ligi, ulianza kutafuta mji mwingine. Majira ya kuchipua ya 2022 wakahamishiwa timu nyingine wachezaji ambao watoto walikuwa na majina yao mgongoni: Matt Olson, Matt Chapman, Chris Bassitt, Sean Manaea, mmoja baada ya mwingine ndani ya wiki chache. Sehemu ya jukwaa la juu ilikuwa imefunikwa maturubai. Maji machafu kupanda kwenye vyumba vya wachezaji ilikuwa habari ya zamani, wala haikuwa ikimshangaza mtu. Aprili 2023 ikatangazwa kwamba ardhi imepatikana Las Vegas. Halafu ndiyo ukawasikia wachambuzi wakisema: timu ihame tu, si mnaona viti vilivyo vitupu?

Mwenye duka anaondoa sukari, anaondoa unga, anabakisha kiberiti na chumvi, kisha analalamika mtaa hauna wateja.

Na hawa watu walishafiwa mara mbili. Warriors wa kikapu walivuka daraja kwenda San Francisco mwaka 2019, Raiders wa mpira wa Kimarekani wakaenda hukohuko Las Vegas mwaka 2020. A's walikuwa wa mwisho nyumbani.

Mwezi mmoja baada ya usiku ule wa kikohozi, tarehe 13 Juni, mashabiki walipanga mgomo wa kinyume: badala ya kususa, wajae. Siku ya Jumanne, timu ikiwa hoi mkiani mwa ligi, walikuja 27,759. Nilitoka kituo cha treni nikavuka lile daraja la miguu linaloelekea uwanjani, na wauza soseji wenye vikaango vya magurudumu walikuwa wamepanga mstari kama siku za zamani, vitunguu vinanukia mpaka kwenye behewa. Watu wamevaa fulana za kijani zenye neno moja, la kumtaka mmiliki, John Fisher, auze timu. Zamu ya tano ilipoanza, uwanja mzima ukanyamaza makusudi. Hata ngoma za mashabiki wa jukwaa la kulia, ambazo usiku huo zilikuwa hazijapumzika, zilikoma. Halafu kilio cha "uza!" kikapasuka, nikahisi zege linatetemeka chini ya viatu. A's wakashinda 2-1. Siku hiyohiyo Seneti ya Nevada ikapitisha mswada wa fedha za umma kujenga uwanja mpya Las Vegas.

Mechi ya mwisho kabisa Oakland ilikuwa tarehe 26 Septemba 2024, dhidi ya Texas Rangers. Tiketi 46,889, uwanja pomoni. Nilikuwa na tiketi mbili. Mzee akasema haendi, kwamba yeye maiti huzika, haangalii. Nikampa kijana wa jirani zote mbili, nikakaa na Mzee kwenye ngazi za jengo letu, redio katikati yetu, karatasi magotini kwake. Aliandika kila mpigaji. A's walishinda 3-2. Alipomaliza alijumlisha nambari pembeni kama kawaida, akaikunja karatasi mara nne, akaniuliza kama nimelipa bili ya maji.

Sasa timu inacheza West Sacramento kwa muda, kwenye uwanja wa ligi ndogo unaochukua kama watu 14,000. Msimu wa 2025 wastani haukufika 10,000. Jina la mji wameliondoa, wanaitwa Athletics basi. Mwaka huohuo Dodgers wa Los Angeles, jimbo hilihili, mchezo huuhuu, wakaweka watu zaidi ya milioni 4. Ukitaka kuniambia besiboli imekosa watu, tuanzie hapo.

Sisi siku hizi tunakwenda Raimondi Park, West Oakland, kuwaona Ballers, timu iliyoanza 2024 kwenye ligi ndogo ya kujitegemea, Pioneer League, na ambayo mashabiki wenyewe wana hisa. Ngoma zimehamia huko. Mwanangu anabeba karanga za maganda, na mimi kila safari namhadithia jinsi tulivyokuwa tukifungiwa karanga kwenye karatasi za daftari, kila safari ananiambia nilishamhadithia.

Mara moja mechi iliisha sare. Ligi ile haina kuongeza zamu: kila timu inatoa mpigaji mmoja, anayepeleka mipira mingi nje ya uzio ndiye mshindi, kama penalti zetu. Mzee aliishika penseli, akaitazama karatasi yake juu mpaka chini. Hakuna kiboksi cha jambo hilo. Akalamba ncha ya penseli, akachora chake pembezoni, kimepinda kidogo, akaniambia nimsogezee karanga.