Mwizi hakugusa kufuli, alifungua skrubu nne akabeba pampu

Ilikua alfajiri ya Jumatatu mwezi wa nne, mvua imepiga usiku kucha, simu ikaita, ni yule kijana anayenisaidia kazi kule shambani Kibaha. Dada njoo, banda liko wazi, pampu haipo. Mi naishi Mbezi, nilipanda gari bila hata kunywa chai na njia nzima nawaza nani kamuonyesha mwizi funguo, maana kufuli nililoweka pale lilikua kubwa na zito, nilivyolinunua niliona kazi ya ulinzi imeisha.

Nafika, kufuli limefungwa vilevile! Linaning'inia kwenye fremu pamoja na kile chuma chake, chuma kimebanduka upande wa mlangoni na skrubu nne ziko chini kwenye matope. Bisibisi tu, dakika tatu labda. Ameondoka na pampu ya petroli ya inchi 2, bomba la kupulizia dawa la lita 16, mpira wa kumwagilia na nusu mfuko wa urea.

Nitasema ukweli hapa kwa sababu bado unaniuma, cha kwanza nilichofanya ni kumgeukia yule kijana. Sikumtukana ila nilimuuliza maswali mbele ya watu, ulilala wapi, nani mwingine alijua pampu ipo humu, na yeye ndo alikua amenipigia simu. Jioni ndo fundi wa kuchomelea alikuja akanionyesha fremu ya mlango, akaichoma kidole na kidole kikaingia, mchwa walishaila ndani yote imebaki ngozi ya nje, mtu yeyote aliyepita pale mchana na kugusa mlango angejua banda halina nguvu. Nilimfata kijana nyumbani kwao nikamuomba radhi mbele ya mama yake. Alinipokea, ila ilichukua muda mpaka tukarudi kuongea kama zamani.

Polisi nilienda nikapata RB, ile namba ya taarifa yako kituoni, nikaulizwa namba ya mashine na risiti, sina hata kimoja. Pampu za aina ile zinafanana zote, utamwambiaje mtu hii ni yangu? Kwaiyo kama una pampu au jenereta au mashine yoyote, leo hii piga picha ile namba iliyogongwa kwenye injini, piga na risiti, alafu mpe fundi aandike herufi za jina lako kwa moto wa kuchomelea kwenye kile kitako cha chuma. Mwizi anataka kitu cha kuuza haraka, chenye jina la mtu kinampa shida sokoni, na hata wa chuma chakavu anaogopa kukipokea.

Sasa banda lenyewe. Watu wengi tunaanza na kufuli, mi naona ni kinyume, anza kuzunguka banda ukijiuliza ningekua sina funguo ningeingilia wapi? Langu lilikua la mabati juu ya mbao, nikagundua kuna njia nne na kufuli linalinda moja tu.

Zile skrubu kwanza. Kitu chochote kilichofungwa kwa nje kwa skrubu kinafunguliwa kwa nje, kwaiyo chuma cha kufuli sasa hivi kimeshikwa na bolti zinazopenya mlango mzima, nati na washa ziko ndani, na kwa nje vichwa vya bolti ni vya mviringo havina pa kushika spana. Bawaba nazo zilikua nje, pini yake ukiigonga na msumari kwa chini inatoka na mlango unaung'oa upande wa pili kufuli likikutazama, fundi akazichomelea pini juu na chini. Alafu akaongeza kitu ambacho sikuwahi kukiona, upande wa bawaba ameweka vipande viwili vya nondo vinavyotokeza kwenye mlango, ukifunga vinaingia kwenye matundu ya fremu, hata mtu akikata bawaba zote mlango hautoki.

Mabati ndo yalinisumbua zaidi. Msumari wa bati unang'olewa na nyundo ya kawaida, na usiku wa mvua nani atasikia wakati kila paa linapiga kelele? Wezi wa kwetu wanapenda masika kwa sababu hiyo, na ndio wakati ambao pampu imelala ndani haitumiki mwenyewe hata haendi kuiangalia. Kujenga kwa tofali sikua na hela. Tulinunua wavu wa BRC, ule wa kuwekea kwenye zege, tukaupigilia kwa ndani ukutani mpaka juu chini ya paa kwa misumari ya U, akitoa bati anakutana na vyuma. Na kwa vile udongo wa kule ni kichanga na mtu anaweza kuchimba chini ya bati akapita kama panya, tulimwaga zege sakafu nzima mpaka ikatoka nje kidogo ya ukuta.

Kabla zege halijakauka tukazika nondo ya milimita 16 iliyokunjwa kama U, imebaki pete juu. Pampu mpya inafungwa hapo kwa mnyororo mnene. Kama mfuko wako unaruhusu kitu kimoja tu fanya hiki cha pete, kwa sababu hata akiingia bado ana kazi ya kukata chuma kwenye giza, na kukata kunapiga kelele. Mi pia nikimaliza msimu naichomoa plagi ya pampu, ile inayowasha injini, naenda nayo nyumbani.

Ngazi, mtaimbo na sururu zilikua zinalala nje nimeziegemeza ukutani. Yani nilikua nimemuachia mwizi vifaa vya kazi! Sasa hivi vinalala ndani. Na pampu mpya ilipokuja haikupita kijiweni imekaa wazi kwenye bodaboda kama ile ya kwanza, ilikuja jioni ndani ya kiroba.

Kelele nimeziweka mbili. Mlangoni kuna kengele ndogo ya sumaku ya betri nimetoa Kariakoo, mlango ukiachana na fremu inalia kweli kweli, mzee wa jirani anaisikia na tumekubaliana akiisikia anapiga simu kwanza, asitoke peke yake. Ya pili ni kanga, hawa ndege, nimeletewa sita na shangazi. Wanalala juu ya mwembe, mtu wasiyemjua akipita usiku wanapayuka wote kwa pamoja mpaka nyumba ya tatu. Taa ya sola yenye sensa pia ipo, ila iweke juu sana, ya jirani mmoja iliwekwa usawa wa mkono ikaibiwa yenyewe.

Kuna mtu alinishauri niunganishe umeme kwenye bati. Hapana, na nakuomba na wewe usifanye. Watoto wa kule wanapita shambani kufata embe, bati lote linabeba umeme na mvua ikinyesha ndo mbaya zaidi, utaua mtoto wa mwenzio kwa ajili ya pampu ya laki tatu. Na hilo la kupiga yowe la mwizi pia tumeliongea na mwenyekiti wa mtaa, tunaita watu wa ulinzi shirikishi, mtu akikamatwa anapelekwa polisi akiwa mzima. Mi pampu yangu naililia ila sitaki mtu achomwe moto mbele ya banda langu.

Funguo ziko mbili, moja ninayo mimi na nyingine anayo kijana. Hakuna inayofichwa chini ya jiwe tena.

Wiki mbili zilizopita kengele ililia saa nane usiku, mzee akapiga simu, kijana na watu wa ulinzi wakafika, hakuna mtu, mlango umesogea kidogo upande wa juu na kuna alama ya mtaimbo. Fremu ndo bado inanitisha, ile mpya nayo ni ya mbao na mchwa wa Kibaha hawachoki, nimeipaka oili chafu mara mbili na chini wameshaanza kujenga udongo wao. Jumamosi fundi anakuja kupima fremu ya chuma, mpaka hapo kila wiki nakwangua ule udongo na kuchoma mbao na bisibisi kuona kama inaingia.