Siku moja maishani mwangu: fundi wa chini ya gari

Ukisema wewe ni fundi magari, watu wanawaza injini. Mimi injini naigusa mara chache. Kazi yangu iko chini: bushi (vipande vya mpira na chuma kwenye maungio), boljointi (kiungo cha tufe kinachoshikilia tairi), shokapu (zinazozuia gari kunesa), springi na chesisi yenyewe, yaani fremu ya chuma inayobeba gari. Magari mengi yanayonijia ni yale makubwa ya chesisi yaliyovuka miaka 20 barabarani, na kinachonichelewesha kuliko kifaa chochote kilichochakaa ni kutu. Nasimulia siku hii kwa sababu kuna swali naulizwa mara kwa mara: "Kufunga kifaa kimoja ndiyo siku nzima?"

Saa 1:30 asubuhi. Tunafungua gereji, tunapanga stendi na spana, na kabla ya saa 3 tumeshabadilisha tairodi endi za pikapu, yaani viungo vya usukani karibu na tairi, na kuituma kupimwa alaimenti, yaani mnyooko wa tairi.

Saa 3:10. Anaingia mzee mmoja na gari lake la zamani, mkononi ana shokapu mbili mpya. Namwamkia, anaitikia, kisha moja kwa moja kwenye shida yake: "Gari linagonga mbele, fundi. Nifungie hizi, niondoke."

Nikabonyeza kona ya mbele kwa uzito wangu wote, nikaachia. Gari lenye shokapu nzima hupanda mara moja na kutulia. Hili liliendelea kunesa. Shokapu ya kushoto ilikuwa imelowa mafuta kuanzia kwenye sili. Hapo mzee alikuwa sahihi. Lakini ule mlio wa chuma kwa chuma kwenye kila kashimo kadogo mara nyingi unatoka kwingine, kwa hiyo tukalinyanyua na kuliweka juu ya stendi. Chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake siingii, hata mteja awe na haraka kiasi gani.

Nikashika tairi juu na chini, nikalitikisa, likacheza. Nikamwambia kijana ninayemfundisha akanyage breki, nikatikisa tena. Mchezo ungeisha, tungeshuku beringi. Haukuisha. Nikaweka jeki chini ya lowa amu, ule mkono wa chini unaounga tairi na chesisi, nikaingiza mtaimbo chini ya tairi na kubinya: boljointi ya chini ikapanda na kushuka waziwazi. Bushi ya lowa amu hiyohiyo, mpira ulikuwa umeachana na chuma chake.

Nikamwita mzee aone kwa macho yake. Hii ni sheria yangu: sibadilishi kitu ambacho mwenye gari hajakiona.

"Mimi nimekuja na shokapu," akasema. "Mambo ya boljointi umeyaleta wewe."

"Mzee, hii ikichomoka kwenye mwendo, tairi linalala na usukani hauna kazi tena. Shika mwenyewe huo mtaimbo."

Akashika, akabinya, akanyamaza. Kisha akatuma vifaa vikaletwe.

Wakati tunasubiri nikaenda nyuma na nyundo ndogo. Chuma kizima ukikigonga kinalia. Kilicholiwa kinatoa sauti butu. Pale chesisi inapopinda kupita juu ya ekseli, nyundo haikulia. Nikasukuma bisibisi, ikazama. Chesisi hizi ni boksi, yaani zina uwazi ndani: tope linaingia humo, tundu za kutolea maji zinaziba, unyevu unakaa humo, na chuma kinaliwa kutoka ndani huku nje kikionekana kizuri. Baya zaidi, kuna mtu alishapaka lami nene juu ya kutu bila kuikwangua. Kazi ya namna hiyo inaniuma. Inafungia maji ndani na kumdanganya mwenye gari kwamba amelindwa.

Saa 5 tukaanza kutoa lowa amu, na hapa ndipo siku ilipoishia.

Katikati ya bushi kuna bomba la chuma, na bolti inapita ndani yake. Maji yakipenya kati ya viwili hivyo, kutu inajaa, na kwa kuwa kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, inabana hadi bolti na bomba vinakuwa kitu kimoja. Nati ilifunguka vizuri. Bolti ikagoma. Ukiizungusha, inazunguka na bomba lake, mpira unajinyonga, ukiachia inarudi ilikotoka. Tukapuliza mafuta ya kulegeza kutu, tukangoja, tukagonga. Tukapuliza tena. Mzee akachungulia: "Bado tu?" Tukaleta moto wa gesi, tukakinga paipu ya breki, moshi wa mpira ukatujaa machoni. Bolti ikasogea unywele mmoja na kusimama. "Fundi, ni bolti moja hiyo!" Najua ni moja, mzee. Mikono ilikuwa inatetemeka kwa kuishika juu ya kichwa muda wote huo.

Ikabaki kukata. Msumeno unapita kwenye nafasi finyu kati ya bushi na masikio ya chesisi, yale mabati yanayoshika amu. Ukiyumba unakata sikio, na sikio haliuzwi kwenye boksi kama bushi. Kwa hiyo tulikwenda polepole, upande mmoja, tukapumzika, upande wa pili, vumbi la kutu likiingia shingoni. Amu ilipodondoka sikuangalia saa. Kijana akapiga kelele ya furaha, na mimi pia.

Kufunga ile mpya hakukuchukua muda. Bolti mpya nikaipaka grisi pale inapopita kwenye bomba, ili fundi atakayefuata asipate mateso haya. Kijana alitaka kukaza gari likiwa bado juu. Nikamzuia: bushi za mpira hukazwa gari likiwa limekalia tairi zake, la sivyo mpira unaishi umenyongwa na unachanika mapema.

Jua likiwa linazama nikamrudisha mzee nyuma ya gari na kumwonyesha bisibisi inavyozama. "Paka rangi tu, niende," akasema. Nikakataa. Kipande hicho kinakatwa chote hadi kwenye chuma kizima, betri inachomolewa, bati nene jipya linachomelewa, kisha ndani tunapuliza nta. Kuziba kwa rangi siwezi, hata akinilipa mara mbili. Tulibishana kwa muda, kwa heshima, nami nikiwa sina nguvu ya kupaza sauti. Mwisho akauliza, "Ingekuwa gari la baba yako?"

"Lingelala hapa, mzee."

Akaniachia ufunguo. Kesho tunaanza na lowa amu ya kulia. Bolti yake nimeshaipulizia mafuta ilale nayo. Chesisi itafuata.